Kikombe cha Orrilla Pelkey

Kwa miaka thelathini na nane, shangazi yangu Orrilla Pelkey ndiye aliyepika mkate wa kahawia wa chakula cha maharagwe ambacho kanisa letu huku Maine, Marekani, huwaandalia wageni ukumbini kila Jumamosi. Mkate wa unga wa mahindi na molasi, ile asali nyeusi ya miwa, unaopikwa kwa mvuke ndani ya makopo ya kahawa. Kipimo chake kilikuwa kikombe kimoja cha bati. Hakuwahi kuandika chochote.

Mwaka huu macho yake yakaanza kuingia kiza. Wendell Tibbets wa kamati ya kanisa, mtu laini kama godoro, akamwambia huku akitazama viatu vyake, "Dada Orrilla, usipopata wa kukupokea kazi, itabidi tulete mikate ya dukani."

"Ya dukani walisheni bata," akajibu. Kisha akanigeukia mimi, niliyeacha chuo cha uokaji katikati. "Profesa Nusu, njoo na mizani yako."

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Chuoni tulikaririshwa kwamba kikombe cha unga ni gramu mia na ishirini. Nikazidisha kwa idadi ya vikombe vyake, nikapima, nikajiona mtu. Tulipofungua makopo, mkate ukamwagika kama uji wa mgonjwa.

"Umepika supu," akasema shangazi. "Hicho chuo ulikiacha wewe, au wao ndio waliokuchoka?"

Nikamwomba apime yeye, mimi niangalie. Akachota kwenye pipa la unga, akagonga kikombe ukingoni mara mbili, unga ukashindilika, akajazia tena juu. Kumbe. Nikakimimina kwenye mizani: mia na sitini na mbili.

"Endelea, shangazi, nipate wastani."

Cha pili, mia na thelathini. Cha tatu, mia na sabini na tano. Nilimwona akitafuta mdomo wa kikombe kwa kidole gumba, kidole kikipita pembeni. Nikajifanya nafuta mizani. Mimi, ambaye hata msibani huwa naombwa kunyamaza.

"Ngapi?"

"Zinakaribiana."

"Wewe ukidanganya unachekesha tu. Ngapi?"

Nikamsomea zote. Akakigeuza kikombe mkononi.

"Ndiyo maana tangu Pasaka wiki moja mkate unatoka mgumu, wiki nyingine tope," akasema. "Na mimi nimemtukana muuza unga bure."

Akakiweka kikombe chini, akatia mkono ndani ya bakuli. "Mimina unga polepole. Ukitosha nitasema basi."

Aliposema basi, akatoa mkono, nikaliweka bakuli kwenye mizani, nikaandika uzito. Tukarudia mara tatu, na mara zote namba zikakaa palepale. Nikabandika karatasi ukutani, juu ya jiko. Yeye hakuweza kuisoma.

Jumamosi nikapika peke yangu. Shangazi alikuja amevaa aproni yake. Akazunguka jikoni, akakosa pa kusimama, akaenda kukaa meza ya wageni. Wendell akampelekea sahani ya mkate na maharagwe.

"Ndio wenyewe?" Wendell akauliza.

Shangazi akatafuna kwa muda mrefu. "Ndio wenyewe," akasema, akamsogezea sahani. "Sasa Jumamosi mimi niwe nafanya nini, Wendell?"

Wendell akatazama maharagwe.