Mbwa wa London na Ng'ombe wa Mahari

Jumanne iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya mifugo, Kericho. Mbele yangu alisimama mpishi wa meneja wa shamba la chai, ameshika mnyororo wa mbwa. Meneja anarudi kwao Uingereza, na mbwa atapanda ndege pamoja naye. Daktari alijaza fomu kwa uangalifu: jina, Bruno, rangi, kahawia, afya, njema. Akapiga muhuri.

Aliyefuata alikuwa mzee wa Roret. Alivua kofia.

"Daktari, naomba ruhusa ya kupeleka ng'ombe sita Chepilat. Ni mahari ya kijana wangu, na arusi ni Jumamosi."

"Mzee, Roret iko chini ya karantini. Ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe hawatoki."

"Chepilat ni hapa tu. Huyu anaenda London!"

"Huyu ni mbwa, mzee. Nitakuandikia barua, wakwe wajue ng'ombe wapo."

"Mkwe wangu hakulea binti apewe barua."

Mpishi akamwonea huruma. "Baba, usimwonee huyu wivu. Akifika huko atafungiwa miezi sita. Nao wana karantini yao."

Mzee alimtazama mbwa, akampapasa kichwa. "Pole, ndugu yangu." Kisha akamgeukia daktari. "Andika hiyo barua. Useme hata mbwa wa mzungu anashikwa na karantini."

Arusi ilifanyika. Nimearifiwa kwamba wazee wa Chepilat waliomba sehemu moja tu ya barua isomwe mara mbili, nayo ni ile ya Bruno.