Kiti Kilichorefuka

Fundi cherehani huyu, mtaa ulimwita Mama Pindo kwa jinsi alivyokuwa hana mchezo na pindo la nguo. Na udadisi wake, mh! Ukimwambia maji yamechemka, lazima afunue sufuria ajionee. Basi daktari alipomwambia kwamba kabla ya kupasuliwa tumbo ili apungue uzito inabidi kwanza aongeze nguvu, hakukubali kuondoka hivi hivi.

"Nimekuja kupungua, nawe unaniambia niongeze?"

Aliyemjibu ni binti wa pale hospitali anayefundisha wagonjwa mazoezi. Mwili ukipungua kwa kasi, alisema, hauondoki na mafuta peke yake, huondoka na misuli pia. Tena akishapasuliwa atatakiwa ainuke mapema atembee. "Kwa hiyo, mama, jifunze kuinuka kitini bila kushika kitu. Ukiweza, tunakupa tarehe. Usipoweza, tunangoja."

Mama Pindo aliitaka tarehe ile kwa roho yake yote. Pumzi zilimwishia akienda bafuni tu, na kitandani alilala ameketi, akiogopa kukabwa.

Akajitupa kwenye mazoezi. Alinyanyua chupa za maji, akausukuma ukuta, kisha akarudi kwenye kiti chake cha kushonea kujaribu kuinuka, mikono kifuani, akihema. Mumewe, seremala mwenye karakana nyuma ya nyumba, alikuwa akimsikia hadi anaweka randa chini. Kiti kile alikichonga yeye mwenyewe.

Asubuhi moja, lahaula! Mama Pindo akasimama. Akakaa, akasimama tena. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Walipofika hospitali, kiti cha pale kikamgomea. Alijiinua kidogo tu, akarudi chini puu! Aibu iliyoje.

"Basi, mke wangu," mumewe akasema upesi. "Huenda si riziki yetu. Twende nyumbani."

Njia nzima mama wa watu alijiuliza. Miguu ni ile ile, kwa nini nyumbani ikubali na kule igome? Alipoketi kwenye cherehani akainama kutazama, na jicho la fundi likanasa kitu. Gauni lake, alilolipima mwenyewe lifagie sakafu akiketi, lilikuwa linaning'inia juu ya vifundo vya miguu. Gauni halijarudi, na yeye hajarefuka. Sasa ni nini? Akatoa futi shingoni, akapima mguu wa kiti, halafu akaukwaruza vanishi kwa ukucha. Chini palikuwa na kipande kimeungwa, kazi safi kabisa. Mkono ule aliujua.

"Baba watoto! Hebu njoo hapa."

Seremala alikuja, akakiona kidole cha mkewe kilipo.

"Nilitaka ufurahi," alisema. "Ulivyokuwa ukihema, nilishindwa kuvumilia."

"Na leo hospitali? Mbona uliniharakisha tuondoke?"

Akainamisha kichwa. "Wakikulaza pale usiamke, mimi nitamwambia nani habari za asubuhi? Niliona heri uwe umekaa hapo, nakuona."

Hasira zilikuwa zimeshampanda Mama Pindo, lakini hapo zikamshuka. Halafu akachukua chaki yake, akachora mstari mguuni mwa kiti. "Kata hapa. Nikikizoea, nitachora juu ya huo, kiende chini zaidi."

"Chini tena?"

"Kata, mume wangu. Na mimi naogopa."

Akakata. Kila alipochorewa alikata, akipitisha msumeno kwa uchungu kama anajikata mwenyewe, mpaka kiti kikawa kifupi kuliko cha hospitali.

Siku ya kupimwa tena, seremala alibaki kwenye benchi nje. Mlango ulipofunguka, mkewe alitoka kwa miguu yake, uso unang'aa.

"Nimepewa tarehe!"

Mzee wa watu akataka kuinuka amkumbatie, magoti yakakataa. Akajaribu tena, wapi!

Mama Pindo akamnyooshea mikono yote miwili. "Nishike mimi," akamwambia, akamvuta mpaka naye akasimama.