Mkwaju Uliokonda Mwanhuzi

Soko huria lilipofika Bariadi, wanunuzi binafsi wa pamba waliingia na malori yao, na sisi wa ofisi ya ushirika tukatoka na barua zetu za kupunguzwa kazi. Siku ya mwisho kila mtu aliondoka na kile alichoona kinamstahili. Mtunza stoo alibeba viti viwili. Mhasibu alibeba feni. Mimi, mpiga chapa, nilikuwa chooni nalia, na nilipotoka nikakuta imebaki kalenda ukutani, tena ya mwaka uliopita, iliyoachwa na fundi mmoja Mjapani aliyekuja kufunga mashine. Nikaichukua kwa hasira.

Kila mwezi ulikuwa na picha ya mti mzee uliokomaa kweli, shina limejikunja na magome yamepasuka, lakini umepandwa kwenye chombo kama sinia na urefu wake haufiki birika la chai. Niliitazama kalenda ile wiki nzima, sina kazi nyingine. Mwisho nikagundua kwamba miti ile naijua. Nimeiona Ngulyati, kwenye kilima nyuma ya boma la baba, ambako mbuzi wake waliitafuna mikwaju mwaka hadi mwaka mpaka ikakata tamaa ya kurefuka.

Nilikwenda na sururu. Baba akaketi juu ya jiwe kunitazama nikichimba. Baba yangu alikuwa mfugaji, na kila kitu duniani alikipima kwa swali moja: kinanenepa au hakinenepi. Mkwaju niliouchagua ulikuwa na shina nene kama mkono wangu, na kimo chake kilinifika gotini.

"Bebe mayu," akaniambia, yaani wewe mama, "pale chini kuna mikwaju mizuri ina kivuli. Wewe unachukua kilema?"

"Huu ndio mzuri, baba."

"Basi kazi yote wamefanya mbuzi wangu. Usisahau kuwashukuru."

Wakati huo nilikuwa nimeshafungua saluni nyumbani kwangu, karibu na soko, kama kila mwanamke aliyepunguzwa kazi ambaye hakufungua genge. Mkwaju na mingine niliyoichimba baadaye niliipanga barazani. Kalenda ilionyesha matawi yamezungushiwa waya wa shaba, lakini mimi shaba ningeitoa wapi? Nilikuwa na uzi mweusi wa kusukia nywele, mwingi. Nikayavuta matawi kwa uzi, nikayafunga, nikayainamisha nilikotaka. Samaki mkunje angali mbichi. Mkasi ulikuwa uleule wa vichwa. Mteja mmoja aliniuliza kwa kiburi kama nitamkata yeye kwa mkasi wa miti, nikamjibu kwamba miti haijawahi kulalamika kuhusu yeye.

Baada ya miaka mitatu nilikuwa na miti minane, lakini roho yangu ilikuwa kwenye ule mkwaju. Kilichonisumbua ni kimoja. Mti wa namna hii una uso na una kisogo. Lazima ujue upande wa kumwonyesha mtu. Mkwaju ule sikuupatia uso. Kila Jumapili niliuzungusha, nikarudi nyuma, nikatazama, nikaona bado umenipa kisogo.

Na niseme ukweli: nilitaka baba ausifu. Neno moja tu lingetosha. Nilishapoteza kazi iliyomfanya atembee kifua mbele mnadani, na hiki ndicho kitu pekee nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Lakini kila alipokuja mjini alisimama barazani, akautazama mkwaju, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, "Bado hajakua?"

"Sitaki akue, baba."

Basi alinitazama kwa huruma. Huruma ile iliniuma kuliko barua ya kupunguzwa.

Kiangazi cha mwaka uliofuata mdogo wangu akajifungua mapacha Mwanza. Nilikwenda nikidhani ni kwa miezi miwili, nikakaa mpaka mvua zote zikaisha, maana watoto wawili hawalali kwa zamu. Baba alijitolea kunilindia nyumba. Nilimwelekeza kwa makini: kikombe kimoja cha maji kwa kila mti, jioni, basi. Akasema amechunga ng'ombe mia maisha yake yote, hawezi kushindwa na vijiti vinane.

Niliporudi, watu wakiwa wanavuna mahindi, baraza lilikuwa tupu. Baba alikuwa ndani, ameketi kwenye kiti cha wateja, kichwa chini ya mashine ya kukaushia nywele iliyozimwa, anapumzika.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

"Mwadila, baba. Miti yangu iko wapi?"

"Ipo salama," akasema. "Mmoja aliugua. Alimwaga manyoya yote. Nikaona ugonjwa umeingia zizini, nikawatawanya."

Aliyeugua alikuwa mti wa porini ambao hupukutisha majani kila kiangazi, na ningemwambia kama angeuliza. Yeye alifanya kama wanavyofanya wenye mifugo kwetu. Mwenye ng'ombe wengi hawaweki zizi moja. Huwawekesha kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wapone. Mtunzaji hunywa maziwa, ng'ombe hubaki wa mwenyewe, na siku ya kumrudisha, sifa ya mtunzaji ni unene wa mnyama. Baba alinitajia bila karatasi mti gani uko kwa nani. Mgonjwa alibaki naye, amemtenga nyuma ya choo. Alikuwa na majani tele.

"Nimemponya," akasema.

Nilitoka nje nikasimama barabarani mpaka hasira ikapungua kiasi cha kuweza kumpikia. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, ila hawakusema lake linaweza kugawanywa wilaya tatu.

Nilianzia Ngulyati, kwa rafiki yake baba. Alinipokea kwa heshima, akanipeleka nyuma ya zizi. Mgunga wangu mdogo, niliousuka miaka mitatu, alikuwa ameutoa kwenye chombo na kuupanda juu ya samadi. Ulinifika kifuani. Uzi wangu mweusi ulikuwa umekatika, unaning'inia.

"Alikuja amekonda, mayu," akaniambia kwa upole. "Nisikufiche, ulikuwa unamnyima chakula. Na hizo kamba, nani anamlisha ng'ombe akiwa amefungwa miguu yote?"

Mzee wa watu alikuwa ameubebea maji. Nikamshukuru.

Kalemela, kwa binamu yetu, mkuyu ulikuwa umepandwa hatua chache kutoka ziwani, na juu yake wameanika wavu wa dagaa. Binamu alinionyesha kwa fahari majani mapana kama viganja. Kisha akaingia ndani akatoka na makopo mawili, kila kopo lina kijiti chenye majani matatu.

"Amezaa mara mbili," akasema. "Mimi si mwizi, ndugu yangu. Hawa ni wako."

Minne mingine ilikuwa hivyo hivyo, yote imenona, yote imeharibika, na kila mtunzaji anangoja nimsifu. Niliwasifu wote. Ulibaki mkwaju, uliokwenda Mwanhuzi kwa shangazi, dada yake baba, na ndani ya basi nilijiandaa kuukuta umefika kwenye paa.

Shangazi hakutoka kunipokea. Nilipiga hodi mara tatu. Alipojitokeza alikuwa ameshika kifurushi cha kanga, na hata salamu zilikuwa fupi. Akaketi chini, akakifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na vijiti vikavu, vingi, vimepangwa kwa urefu.

"Mwaka huu huku kwetu mvua haikuja," akasema. "Nilimpa maji niliyonawia uso. Mbuzi nao wakanizidi ujanja. Kila walichokivunja nimekiweka, nikuonyeshe. Nisije nikasemwa nimemuuza."

Ndipo nilipoelewa. Ng'ombe uliyewekeshwa akifa, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumla. Shangazi alikuwa ananionyesha ngozi.

"Yuko wapi, shangazi?"

Alikuwa amemficha nyuma ya mtungi kwa aibu. Nikauvuta nje kwenye mwanga, nikachuchumaa mbele yake. Bado ulikuwa ndani ya chombo chake. Majani yalikuwa madogo kama punje za mtama. Mbuzi wa Mwanhuzi walikuwa wamemaliza kazi ya mbuzi wa Ngulyati: tawi nililobishana nalo miaka mitatu walikuwa wamelikata, na pale pakatoka kitawi kipya kilichoinama chenyewe. Katika kalenda yote hapakuwa na mti kama ule. Nililia. Shangazi akadhani nalilia hasara, naye akalia, na kabla sijamzuia alikuwa ameshanikamatia kuku wa fidia. Kila nilipomweleza kwamba ndiye peke yake aliyeutunza vizuri, alizidi kuamini kwamba nina moyo wa kusamehe. Niliondoka na mkwaju, kifurushi cha vijiti, na kuku.

Baba alikuwa barazani niliposhuka. Nikauweka mkwaju juu ya meza, na kifurushi kando yake. Alikifungua kwanza kifurushi, akakipitia kijiti kimoja kimoja, akakifunga tena. Najua alikuwa anamfikiria dada yake na kikombe chake cha maji ya kunawia.

"Mwambie hana kosa," akasema.

Kisha akauinamia mti. Alilitazama shina, akapitisha kidole kwenye makovu, akarudi nyuma hatua mbili kama anavyofanya mnadani. Nikangoja aniulize kama bado hajakua. Badala yake alikishika chombo kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu, robo tu, akakiachia.

Shina likaja mbele, kitawi kipya kikaangukia kushoto, na mti wote ukanitazama. Jumapili zote zile sikuwahi kuuona upande ule.

"Huyu unamwonyesha hivi," akasema. "Ukimweka vile, mnunuzi anaona kovu, haoni alichopitia."

Akaketi, akaniomba maji ya kunywa. Nilipokuwa naenda kuyachota aliniita tena, akataka kujua yule kuku ni wa nani. Mkwaju sikuuzungusha tena mpaka leo.