Thamosi ya Kwenda kwa Daktari

Kuna boma moja pale Isinya ambalo hadi leo nikipita barabara ya Namanga nageuza uso naangalia upande ule mwingine, kana kwamba bado kuna mtu amesimama getini ananingoja, na nikiulizwa kuna nini nasema ni jua linanichoma macho. Leo acha niseme tu. Ni aibu, na nimekaa nayo miaka mingi. Watu walionijua wakati ule walisikia nusu yake wakacheka mpaka wakashika mbavu, na sikuwalaumu, lakini ile nusu nyingine hawakuisikia, na hiyo haichekeshi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kabla ya simu za mkono. Nilikuwa karani kwa kiwanda kimoja Athi River, na tulikuwa tumepanga Noonkopir, mtaa wa Kitengela, mimi na mke wangu Rebeka na binti yetu Nekesa (sisi ni watu wa Bungoma, kazi ndiyo ilituleta Kitengela). Nekesa alikuwa darasa la kwanza, mtoto wa maneno mengi, anayejua majina ya mbwa wote wa ploti tuliyopanga. Shida yake ilikuwa moja tu, na hiyo moja ilitumaliza: alikuwa anatapika. Si kila siku, hapo ndipo palituchanganya. Anaweza kukaa wiki kadhaa mzima kabisa, anakula, anaruka kamba, halafu asubuhi moja anaamka ameshika tumbo, anajikunja kama mtu amepigwa teke, na anatapika mpaka hana kitu cha kutapika, analala kama kitambaa. Siku mbili tatu baadaye anaamka anaomba chapati.

Tulizunguka na yule mtoto. Huyu alisema malaria, tukapewa dawa ya malaria. Yule akasema minyoo, mwingine amiba, mwingine taifodi, na kila dawa ilikuwa inafanya kazi (kwa sababu kila mara alikuwa anapona mwenyewe, lakini sisi tungejuaje). Tulimkataza maziwa, tukamkataza maharagwe, tukamkataza mayai. Mama yangu akatuma ujumbe kutoka nyumbani kwamba kuna mtu anamwangalia mtoto vibaya akila, kwa hivyo kwa muda fulani Nekesa alikuwa analishwa mlango ukiwa umefungwa, mchana, katika lile joto. Kanisani waliombea tumbo lake hadi yeye mwenyewe akaniuliza kama Mungu amechoka kulisikia.

Na majirani walikuwa wameanza kunong'ona. Unakumbuka siku hizo za ukimwi, mtoto akikonda watu walikuwa hawamwangalii mtoto, walikuwa wanawaangalia wazazi. Rebeka alikuwa akienda bombani wanawake wananyamaza. Kwa hivyo Nekesa akitapika, sisi tulikuwa tunafuta haraka haraka, tunamwaga maji, tunafungua dirisha, yote iishe kabla mtu hajabisha. Hata kuangalia kilichotoka hatukuangalia vizuri.

Ndipo mtu akatuelekeza kwa daktari mmoja wa watoto aliyekuwa anakuja kliniki fulani Kajiado kila Alhamisi. Tulimwona mara moja tu. Alikuwa mtu mpole, hakuandika dawa yoyote, aliuliza maswali tu, na swali moja lilitushinda.

"Anachotapika kina rangi gani?"

"Ni ya kawaida tu," nikasema.

"Kama njano hivi," Rebeka akasema.

Daktari akatuangalia, akasema, "Akitapika tena msimwage. Niletee nione."

Basi, Alhamisi moja alfajiri ikaanza. Rebeka akakinga kwa bakuli, akaniambia tutie kwa chupa ya jam, iko na kifuniko, niende nayo Kajiado na mtoto, yeye abaki na mdogo wa Nekesa aliyekuwa bado ananyonya. Hapo ndipo nilipojiharibia. Chupa ya jam ni kioo. Nikajiona nikitoka kwa ploti nimeibeba, wanawake wako bombani, wote wanaona. Nikasema hapana. Nikachukua thamosi yetu ya chai, ile ya maua mekundu, nikamimina humo, nikafunga vizuri, nikajisikia mtu mwerevu sana.

Rebeka alisema tu, "Hiyo thamosi sitaitumia tena."

"Tutanunua ingine," nikamwambia.

Tulipotoka tukakutana na mwenye nyumba, mzee Lemayian, na pikapu yake. Mzee huyu tulimpenda sote, hakuwahi kutusumbua. Siku hiyo alikuwa na furaha, kwa sababu wazee wa upande wa kijana aliyetaka kumuoa binti yake Naserian walikuwa wanakuja bomani kwake Isinya kuongea mambo ya mahari, na mke wake alikuwa amemtuma mjini kuleta sukari na mikate na kuazima thamosi kwa wapangaji, kwa kuwa wageni ni wengi. Akauliza tunaenda wapi. Nikamwambia Kajiado, hospitali.

"Ingia basi, Baba Nekesa. Nitashusha vitu nyumbani, halafu niwafikishe."

Tukaingia mbele. Thamosi nikaiweka katikati ya miguu. Mzee akaiona, akasema, "Weka hiyo nyuma kwa karai na zile zingine, hapo itaanguka." Nilifungua mdomo nimwambie ni ya nini. Kisha nikamwangalia, amevaa koti lake zuri, ameshikilia usukani anaimba kwa sauti ya chini, na nikashindwa kusema neno matapishi ndani ya gari la mtu mwenye furaha. Nikateremka nikaiweka nyuma na zile zingine.

Tulipofika Isinya wageni walikuwa wameshafika, mapema kuliko ilivyotarajiwa, wamekaa kwa viti na mabenchi sebuleni na wengine nje kivulini. Sasa mzee hangeweza kuondoka bila kuwasalimia, na sisi hatungeweza kuachwa kwa gari kama mizigo, kwa hivyo tukaingizwa ndani tukapewa kiti karibu na mlango. Nekesa alikuwa ametulia kidogo, ingawa uso ulikuwa umepauka. Aliona watoto wa hapo wakiinamisha vichwa wazee wawaguse, salamu ya Kimaasai, naye akaenda akainamisha chake, mmoja baada ya mwingine, na wale wazee wakafurahi wakauliza huyu ni wa nani. Nilijivuna. (Ndiyo, kwa muda kidogo nilijivuna.)

Sikumbuki tulikaa muda gani ndipo nikamwona msichana anaingia na thamosi ya maua mekundu. Baadaye niliambiwa kwamba zile zingine zilikuwa tupu, wakazijaza chai jikoni, lakini hii walipoinua walikuta nzito, wakasema mzee ameleta chai tayari kutoka Kitengela, basi hiyo ianze. Nilijua ni yetu, lakini sikuinuka. Nilijiambia labda wameshaimwaga wakaiosha, labda ni nyingine inafanana. Msichana akainama mbele ya msemaji wa wageni, mzee mrefu mwenye fimbo, akamimina kwa kikombe cha bati cheupe.

Ilikuwa kijani. Nataka ujue hivyo, kwa sababu mimi mwenyewe ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona kwa mwanga mzuri. Kijani kama maji ya sukuma wiki iliyochemshwa, ndani ya kile kikombe cheupe, na harufu yake ikafika kwangu mlangoni. Yule mzee alikuwa ameshaipuliza akidhani ni ya moto. Akasimamisha kikombe karibu na mdomo, akakiteremsha. Akasema kitu kwa Kimaasai.

Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, akimwangalia mzee Lemayian, "Hii ni dawa? Mmetuwekea dawa?"

Nilimwona mwenye nyumba wangu akibadilika uso. Wageni wengine walikuwa wanaanza kusimama. Naserian alikuwa ametokea kwa mlango wa jikoni, ameweka mkono mdomoni, na nikaelewa kwamba nisiposimama sasa huyu msichana hataolewa.

Nikasimama. Nikasema, "Wazee, nisameheni. Hiyo si chai. Hiyo ni yangu, nilikuwa napeleka kwa daktari."

Kaka yake Naserian, mwalimu, akatafsiri. Wakauliza ni nini basi. Nikasema ni matapishi. Mwalimu akaniangalia kama hakusikia, akaniuliza tena, nikasema tena, akatafsiri, na mzee mmoja kiziwi kidogo kule pembeni akauliza amesema nini, kwa hivyo ikabidi isemwe mara nyingine, kwa sauti kubwa, kwa lugha mbili. Nje kivulini mtu akacheka, kisha wengine wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa. Mle ndani wengine walitema mate chini.

"Matapishi ya nani?" msemaji akauliza.

Nikasema, "Ya huyu mtoto."

Macho yote yakamgeukia Nekesa. Alikuwa ameshika suruali yangu kwa nyuma, amejificha, na nilihisi ngumi zake mbili zikikaza kitambaa.

Sasa yule msemaji, ambaye angekuwa na haki ya kuvunja kila kitu akaondoka, aliweka kikombe chini taratibu, akaita, "Entito ai, njoo." Binti yangu, alimwita hivyo. Nekesa hakwenda. Mzee akasema, "Mtoto anatoa kitu kama hii, na nyinyi mnacheka? Baba yake, peleka huyu mtoto."

Hayo ndiyo maneno ambayo ningepaswa kusikia. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa kile kicheko. Nilimshika Nekesa mkono nikatoka, mzee Lemayian akinifuata hadi getini, "Baba Nekesa, rudi, mimi sina hasira, nitawapeleka sasa hivi," na mimi najibu asante mzee, asante mzee, huku natembea. Wasichana walikuwa wameshaimwaga na kuisuuza ile thamosi, mmoja akakimbia kuniletea, ikiwa safi inang'aa. Nikapokea. Nikafika barabarani, na badala ya kuelekea Kajiado nikasimamisha lori la mawe lililokuwa linaelekea Kitengela. Nilijiambia, kitu chenyewe kimeshamwagwa, nitaenda kumwonyesha daktari nini?

Juu ya lile lori Nekesa akaniuliza, "Baba, hatuendi kwa daktari?"

"Siku ingine," nikasema. "Leo tumeaibika ya kutosha."

Alhamisi iliyofuata sikwenda. Sikutaka kupita Isinya. Iliyofuata pia sikwenda, na baada ya hapo hakukuwa na haja, kwa sababu Nekesa aliacha kutapika. Kabisa. Rebeka alitoa shukrani kanisani na mimi nikapiga makofi. Kitu kimoja tu kilitusumbua, kwamba hakuwa ananenepa, na yale maneno yake mengi yalikuwa yamepungua, lakini tukasema anakua.

Alianguka shuleni muhula uliofuata. Waliponiita kazini nikamkuta amelala kwa benchi ya ofisi ya walimu, tumbo limejaa limekuwa gumu, midomo imekauka, na nguo ya shule ina madoa ya kijani. Mwalimu wa darasa aliniuliza kwa nini hatukuwahi kuwaambia. Alisema watoto wenzake wote walijua, kwamba huwa anaenda nyuma ya vyoo akatapika, akafukia na mchanga kwa mguu, akarudi darasani. Nyumbani alikuwa anaenda kule shimo la mawe nyuma ya ploti.

Nairobi walimpasua siku hiyo hiyo. Daktari wa upasuaji alituambia utumbo wake ulikaa vibaya tangu kuzaliwa, kwamba ulikuwa unajipinda, ukijinyoosha tena anapata nafuu, na safari hii haukujinyoosha. Sehemu kubwa ilikuwa imeshakufa, wakaikata. Akauliza alikuwa anatapika rangi gani. Nikasema kijani. Akasema, bila ukali, mtoto anayetapika kijani anaenda hospitali siku hiyo hiyo, hiyo rangi peke yake ingetosha. Nikakaa chini. Daktari wa Kajiado hakuhitaji thamosi yoyote. Alihitaji neno moja, na neno lenyewe nililipata pale Isinya pamoja na nyumba nzima ya watu, nikapanda lori nikarudi nalo nyumbani.

Nekesa alipoweza kuongea nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Alikuwa na mipira puani, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa sitaki uibebe tena," akasema. "Watu wakucheke."

Rebeka alitoka nje ya wodi. Mimi nilibaki, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kwenda.

Aliishi, namshukuru Mungu. Naserian pia aliolewa, na baadaye niliambiwa kwamba kwa muda mrefu wakwe walikuwa wanauliza hali ya yule mtoto, wala hawakuwa wanacheka. Nekesa sasa ni mtu mzima, amepanga Gataka, anafundisha watoto wa chekechea. Ni mwembamba sana. Anakula kidogo kidogo mara nyingi, kuna vyakula tumbo lake haliwezi, na dawa ni za maisha. Na mimi niliapa, nimekuwa mtu wa ajabu kidogo: nikienda kliniki nasema kila kitu, rangi, harufu, mbele ya foleni yote, manesi wanacheka, na mimi naendelea kusema.

Juzi alikuwa kwetu, tunakula, akaacha sahani katikati akatoka nje. Nikaacha yangu nikamfuata. Nilimkuta amesimama karibu na ua.

"Baba, napunga hewa tu," akasema. "Rudi ule."

Nikamwambia sina njaa, nikasimama naye hapo mpaka akarudi ndani.