Kumi na Wanne wa Konokono

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Meli mbili nyeupe zimefungwa ubavu kwa ubavu kwenye gati la mto, na mwanamke mwenye kibao cha namba sita amesimama chini ya ngazi ya kushukia akiangalia miguu ya watu.

Nyuso hazimshughulishi sana. Ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha hereni. "Vyeusi vya kamba. Makubadhi ya kahawia. Raba, raba, raba iliyolika upande wa kushoto," ananong'ona. Mwenye fimbo anampanga mbele. Mwenye maneno mengi anampanga nyuma kabisa, "aongee na mto," anasema, na anacheka mwenyewe.

Wa mwisho ni bibi mwembamba mwenye viatu vya kijani vya kufunga kwa mkanda. Anakataa mkono anaopewa, anashuka mwenyewe.

"Kumi na wanne," anasema mwanamke wa kibao. Sasa wanaweza kuondoka.

Hilo ndilo kundi la taratibu: wazee, wenye pumzi fupi, waliobadilishwa nyonga. Waongozaji wenzake wamembandika jina la Konokono, na jina limeganda mpaka limeandikwa kwa wino kwenye kikombe chake cha chai ofisini. Halimuudhi. "Konokono anafika, tena na nyumba yake mgongoni," anasema. "Wao wanafika wamesahau watu."

Ana miaka hamsini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo aliipitisha amepiga magoti kwenye duka la viatu, akiwavalisha watu. Duka lilipofungwa alikaa nyumbani miezi minane, halafu akajifunza historia ya mji na kuomba kazi ya kutembeza wageni. Historia aliiweza. Kukimbia nayo ndiko kulikomshinda.

"Mtu akivua kiatu mbele yako ameshakuambia anafika wapi," anasema. "Mdomo utasema nafika mpaka juu. Kisigino kinakataa."

Meli hupumzika hapa kwa muda wa saa nne tu, kisha huendelea na safari. Zamani abiria wasioweza kupanda mji walibaki vyumbani mwao, na walichokiona cha mji ni ukuta wa ghala na kamba iliyoloa. Konokono akachora njia yake: mita mia tisa, mabenchi tisa, vyoo vitatu, bila ngazi hata moja. Mkuu wa ofisi akamkubalia kwa majaribio ya msimu mmoja, na sharti lake halikuwa na kona.

"Ukirudisha pungufu hata mmoja, kundi linafutwa, na kibali chako unakiacha mezani," alimwambia.

Hayakuwa maneno ya kutishia mtoto. Miaka miwili nyuma mwongozaji mmoja aliacha mke na mume sokoni, wakaikimbiza meli kwa teksi mpaka mji wa pili. Mwongozaji huyo leo anauza rangi za nyumba.

Malipo ya asubuhi moja yanalisha nyumba ya Konokono siku tatu. Meli huja mara mbili kwa wiki, kwa miezi saba. Miezi iliyobaki ni ya kukaza mkanda, yeye na mumewe fundi seremala.

Saa nne kasoro, mvua nyembamba inaanza. Wako benchi la nne. Abiria wanatoa mifukoni makoti ya mvua ya bluu waliyopewa na meli, wanajifunika mpaka nyusi, na kundi zima linageuka kuwa mitungi kumi na minne ya rangi moja.

Anawaingiza chini ya paa refu la soko la maua. Humo tayari kuna kundi jingine, watu thelathini na mmoja wa ile meli ya pili. Kampuni ni moja, makoti ni yale yale. Mwongozaji wao ni kijana mrefu anayeitwa Shoti, kwa sababu hatembei, anapigwa shoti ya umeme.

"Konokono, bado hujafika tu?" anauliza. "Si nilikupita tangu jana?"

"Nenda mwanangu. Mvua ikiisha nitakuokotea ulichodondosha."

"Mimi nawapeleka mnarani. Ngazi mia moja sitini na nane, kupanda na kushuka nusu saa."

"Kazipande na magoti yako. Usizipande na ya watu."

Wageni wanacheka bila kujua kinachochekwa. Wanachanganyikana, wananusa maua, wanapigana picha. Baada ya dakika kumi Shoti anapiga makofi mawili, anahesabu vichwa na kutokomea na watu wake. Konokono naye anahesabu. Kumi na wanne. Wanakwenda benchi la tano, la sita, la saba, kila mahali wanakaa, anawapa habari za mji nusu kijiko nusu kijiko.

Saa tano na dakika ishirini wanarudi. Njia inateremka kuelekea gatini, mvua imekatika, na Konokono anatembea nyuma ya watu wake akiangalia visigino kama kawaida yake. Hapo ndipo anaposimama.

Mbele yake kuna viatu vyeupe vya ngozi, vikubwa, vya mwanamume. Havijui.

Anahesabu tena. Kumi na wanne. Anahesabu mara ya tatu, safari hii viatu. Vyeupe vimezidi. Vya kijani havipo.

"Mzee wangu," anamwambia mwenye viatu vyeupe, "wewe ni wa meli ipi?"

Mzee anashusha kofia ya koti. "Ile ya pili."

"Na mbona umekuja na mimi?"

"Nilimwambia yule kijana magoti yamegoma. Akasema twende mzee, bado kidogo. Ile bado kidogo yake naijua, alinipa tangu asubuhi. Nikatazama kwako nikaona watu wanakaa." Anafikiri. "Nimefanya vibaya?"

"Hapana, mzee wangu. Umefanya vizuri. Ila kuna mtu amekalia nafasi yako."

Anampigia simu Shoti. Zimebaki dakika thelathini na nane meli ya bibi ing'oe nanga.

"Wangu wote wapo, dada," Shoti anasema. "Nilihesabu mlangoni mwa mnara. Thelathini na mmoja."

"Uliwahesabu wakipanda. Wameshashuka?"

"Wameshuka. Hapa nina thelathini, mmoja atakuwa chooni."

"Shoti, tazama miguuni. Kuna viatu vya kijani?"

Anasikika akitembea, akiomba radhi, akitembea tena. Anaporudi kwenye simu, utani wote umemkauka mdomoni. "Dada, hakuna."

"Basi yuko juu. Panda."

Konokono hawezi kwenda. Ana watu wake kumi na watatu na mmoja wa Shoti, na mteremko umeloa. Anawashusha kama anavyowashusha siku zote, hatua baada ya hatua, huku simu imebanwa kati ya sikio na bega. Anasikia pumzi za Shoti zikipanda ngazi, zikikatika, zikipanda. Anawaza mambo ambayo hataki kuyawaza: bibi ameanguka kwenye kona ya giza; bibi amepatwa na mshtuko wa moyo.

"Nimempata," Shoti anasema hatimaye, anahema kama mvukuto. "Yuko juu kabisa. Amesimama dirishani."

"Ameumia?"

"Ameumia wapi? Ananionyesha meli yake."

Konokono anajiegemeza ukutani kidogo.

Lakini kupanda si kushuka. Saa inasema sita kasoro dakika ishirini na tano. Shoti anataka kumbeba bibi mgongoni.

"Usimbebe, na usimvute mkono," Konokono anamwambia. "Wewe tangulia. Kaa ngazi moja chini yake, umpe bega alishike. Ashushe mguu wa kulia, aulete wa kushoto pale pale. Usihesabu kwa sauti, utamtia haraka. Muulize habari za wajukuu."

"Dada, muda."

"Ndio nakupa muda. Akiteleza hutakuwa nao."

Gatini, mlango wa meli unalindwa na afisa mwenye shati jeupe na orodha. Konokono anawapitisha watu wake, wanagusisha kadi zao kwenye mashine, inalia mara kumi na tatu. Mzee wa viatu vyeupe anaelekezwa kwenye meli yake, ambayo itaondoka baadaye kidogo. Hataki kwenda kabla hajajua mwisho. Anakaa juu ya chuma cha kufungia kamba.

"Mmoja," afisa anasema.

"Yuko njiani."

"Nahodha hangoji mtu, dada. Saa sita kamba zinafunguliwa."

"Najua, kaka. Naomba tu usinitazame hivyo, utanizeesha."

Sita kasoro kumi. Sita kasoro nane. Mabaharia wawili wamevaa glavu na wamesimama karibu na kamba. Konokono anatazama kichwa cha barabara mpaka macho yanamtoka machozi.

Kinachotokeza kule juu si teksi. Ni baiskeli ya miguu mitatu ya mfagia barabara. Mfagiaji mwenyewe anabana breki kwenye mteremko, Shoti anakimbia kando ameshika ubavu wa sanduku, wageni wake wakimfuata kwa mbali, na ndani ya sanduku, katikati ya mafagio, ameketi bibi wa viatu vya kijani, ameshika chepe wima kama mtu aliyepewa cheo.

Mzee wa viatu vyeupe anapiga makofi. Hata afisa anageuka pembeni kuficha meno.

Sita kasoro dakika tano. Konokono anampokea bibi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo bibi anakubali mkono.

"Mama, umenitoa roho," Konokono anamwambia. "Kwa nini hukuniaga?"

"Ungenikatalia."

"Ningekukatalia, ndiyo."

"Wewe unaniketisha vizuri sana, mwanangu," bibi anasema. "Nyumbani pia wananiketisha. Miaka sita naketishwa. Sikupanda meli ili nije kukaa."

Anagusisha kadi. Mashine inalia. Kamba zinafunguliwa saa sita kamili, na Shoti, aliyelowa jasho kama kuku wa mvuani, anakaa chini pale pale kwenye saruji na kusema kwamba kuanzia leo yeye ataitwa Shoti iliyoungua.

Konokono angeweza kunyamaza. Hakuna aliyeandika chochote. Lakini mchana anakwenda ofisini mwenyewe, anakaa mbele ya mkuu na kumweleza yote, toka makoti mpaka mafagio, kibali amekivua shingoni na kukishika mkononi tayari.

Mkuu anasikiliza mpaka mwisho. "Walitoka kumi na wanne?"

"Ndiyo."

"Wakarudi kumi na wanne?"

"Ndiyo."

"Wale wale?"

"Wale wale, bosi."

"Basi mimi unataka nifanye nini? Rudisha kitu hicho shingoni, ukanywe chai."

Anasema alicheka njiani mpaka watu wakampisha.

Nyumbani, kwenye vyumba vyao viwili vinavyonuka maranda na gundi, mumewe anamwekea chakula na kusikiliza huku anapiga msasa mguu wa meza. "Yaani umepoteza bibi wa watu," anasema, "halafu umeletewa na mfagiaji. Mke wangu, umeshakuwa taka?"

Anacheka naye, kisha anamwambia linalomkera. Kwa muda wote huu hajawahi kuwauliza watu wake kama kuna anayetaka kupanda. Aliangalia viatu, akaamua mwenyewe.

"Ule mnara una vituo vya kupumzikia katikati?" mumewe anauliza.

"Vinne. Nadhani vinne."

"Kiti kinaenea? Upana wake kiasi gani?"

Konokono anasimamisha kijiko. Hajui. "Mimi mwenyewe sijafika juu miaka tisa," anasema. "Wageni nawaambia kule kuna upepo mzuri. Nasema tu."

Ndiyo maana Alhamisi, siku isiyo na meli, wanaonekana wawili hao kwenye mlango wa mnara, yeye na raba zake, mumewe na futi ya chuma na penseli sikioni. Mpango ni viti vinne vyembamba vya kukunja, kimoja kwa kila kituo, na wageni watatu tu kwa mara moja, wale watakaoomba. Mlinzi wa mnara amekubali kufungua nusu saa mapema. Mkuu bado hajaambiwa. "Tutamwambia tukiwa na vipimo," anasema Konokono. "Mtu hukataa maneno. Kukataa kiti kilichokwisha tengenezwa ni kazi."

Kituo cha kwanza kiko ngazi ya thelathini na nane. Mumewe anapiga magoti, anapima, anaandika ukutani kidogo kwa penseli, anafuta kwa kidole mlinzi asione.

"Kinaenea," anasema. "Umechoka?"

"Kidogo."

"Turudi?"

Konokono anatazama juu, ngazi zinakopinda na kuingia kwenye mwanga. "Hapana," anasema. "Ngoja tu nipumue."