Gare ya Bunia Isiyo na Reli

Bado dakika tano itimie saa kumi na mbili asubuhi, na Dominique Katsuva amekwisha kufagia quai mbili, majukwaa ya abiria, za gare yake, yaani stesheni. Treni haijawahi kufika Bunia. Hizo quai ni mistari ya mawe yaliyopakwa chokaa katika uwanja wa kamioni, malori ya abiria na mizigo, katikati ya mji. Anaokota nyundo na kugonga ringi la gurudumu lililoning'inizwa. Hiyo ndiyo kengele.

"Mahagi, quai ya pili! Kama uko na tiketi, panda. Kama hauna, usicheleweshe batu!"

Watu wanacheka, lakini wanapanga mstari. Katika mji ambao vita vimeufundisha kusukumana, mstari ule ni wa kutazamwa.

Katsuva, mwenye miaka 56, aliuza tiketi kwa miaka tisa katika gare kuu ya Kinshasa, pale reli ya Matadi inapoishia katikati ya jiji. Mishahara ilipokoma alirudi Bunia. Wenye kamioni walimkabidhi uwanja, wakamwita chef de gare, mkuu wa stesheni, kwa mzaha. Yeye hakuona mzaha. Alichora namba kwenye mabenchi ya kamioni na kuanza kazi. Madereva humpa dola moja kwa kila kamioni inayoondoka, na siku nyingine huondoka moja tu.

"Kule Kinshasa, tiketi ilikuwa inasema vitu mbili: unatoka wapi, unaenda wapi," anasema. "Kabila haikukuwa na nafasi pale. Na hapa ni vilevile."

Leo, mwaka 2004, ni rahisi kuyasema. Mwaka jana maneno hayo yaliua. Wenye silaha vizuizini walidai orodha za wasafiri, na hapa Ituri jina la mtu hutaja kabila lake kabla hajafungua mdomo. Katsuva akaacha kuandika majina. Kila msafiri akawa namba ya kiti, basi.

Asubuhi moja ya Machi 2003, watu wanne wenye bunduki waliingia uwanjani. Kamioni ya Mahagi ilikuwa imebeba wasafiri 38. Wakamwekea Katsuva kalamu mkononi: aandike kabila la kila mmoja.

"Wakaniuliza, bale beko kule juu ni kabila gani? Nikajibu: ni batu ba classe ya tatu."

Watu wa daraja la tatu, kama kwenye treni. Kisha akagonga kengele mara tatu. Katika gare yake, tatu ni kuondoka, hata gavana awe bado anakunywa chai.

"Mguu yangu ilikanyaga yenyewe," anasema Rachidi, dereva wa siku hiyo. "Mu kioo nikaona Papa Dominique anaanguka."

Walimpiga kwa vitako vya bunduki. Sikio lake la kushoto halisikii tena. Wasafiri wote 38 walifika Mahagi salama, akiwemo Angélique, muuza samaki, kiti namba 14.

"Mupaka leo hajui miye ni kabila gani," anasema mama huyo. "Na hajaniulizaka."

Kusema kweli, naona fahari kuzaliwa mji mmoja na mtu huyu.

Sasa ameamua kufufua safari ya Kpandroma, kule milimani Djugu, Alhamisi hii. Hakuna kamioni iliyotoka hapa kwenda huko kwa miaka mitatu, na watakaopanda watatoka pande zote mbili zilizochinjana. Viti ni 30. Wiki mbili zimepita, zimeuzwa tiketi saba.

Nikiwa pale anafika Adrien, mkulima aliyekimbia kwao. Analipa, anapewa namba nane.

"Papa, nitakaa pembeni ya nani?"

"Pembeni ya namba saba."

"Namba saba ni mutu wa wapi?"

"Wa Kpandroma, sawa weye."

Adrien anaigeuza tiketi mkononi. Anairudisha mezani, anachukua pesa zake na kuondoka.

Uso wa Katsuva umeshuka, hafichi. Kisha anachukua tiketi namba tisa na kuitia mfukoni mwake mwenyewe.

"Chef de gare hapandaka. Tangu Kinshasa sijapanda hata siku moja. Lakini Alhamisi nitagonga kengele, halafu nitapanda." Anaiweka namba nane chini ya jiwe, upepo usiibebe. "Adrien akirudi, mumuambie kiti yake ingali. Upande moja iko namba saba. Upande ingine ni miye."