Miguu ya Baba Mkwe Mlangoni

Sikiliza, mimi si mtu wa kuota mchana, wala sijawahi kuugua kichwa. Haya yalinikuta Tukuyu mjini, alasiri, ndani ya duka la watu. Anayetaka kubisha abishe, nimeshachoka kubembeleza watu waniamini.

Ilikuwa miaka ile bidhaa zimeanza kumwagika madukani, redio za kila rangi, na CD ndiyo kwanza zinaingia huku kwetu. Nilikuwa nimeolewa kijiji cha Ikuti, tunaishi ua mmoja na baba mkwe. Sasa kwetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Ukimsikia anakuja unajificha. Ukikutana naye njiani unaingia migombani, unajifunika kanga mpaka apite. Naye hasemi na wewe, hakuiti, jina lako halitamki kabisa. Wengi wameacha mambo hayo. Mimi niliyashika kwa sababu mama mkwe alikuwa mkali, si kwa mapenzi, na mume wangu nilimwambia waziwazi kwamba hiki ni kifungo. Miaka yote ile baba mkwe nilimjua kwa miguu tu: miguu mipana, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha.

Mzee akaugua, akawa hanyanyuki kitandani. Aliyemuuguza ni Tusajigwe, mke wa shemeji yangu. Yeye alikuwa wa walioacha: alimlisha uji kwa mkono wake, akimwita baba, akicheka naye. Alimpenda kweli yule mzee. Na sisi wengine tukakatazwa redio, tusimsumbue mgonjwa. Basi nikaona ninunue kile kidude cha kuchezea CD, cha kusikiliza kwa hedifoni, angalau nipate kitu kimoja changu peke yangu. Kwani ni dhambi?

Duka lilikuwa la Mzee Kassim, Mwislamu ambaye babu yake alikuja huku kufanya biashara akitokea pwani. Akanitolea viwili.

"Mama, hiki cha bei nafuu kisikudanganye," akaniambia. "Ukitembea nacho wimbo unaruka. Kile kingine hakirukiruki, ila bei yake ndiyo hiyo."

"Mzee Kassim, mimi nitembee nacho wapi? Kazi yangu kujificha nyuma ya nyumba."

Akacheka. "Basi kaa pale kwenye katoni ukijaribu. Usijitikise tu."

Adhana ikasikika. Akalaza ufagio mlangoni, kama wenye maduka wanavyofanya wakienda kuswali, akaniambia nimlindie duka. Nje mvua ilikuwa inapiga na ukungu umeshuka mpaka barazani. Nikavaa hedifoni, wimbo wa kwaya ukaanza, mtamu, nikafumba macho.

Nilipofumbua niliona miguu. Vitenge vya kuuza vilining'inia mlangoni, kwa hiyo niliona magoti kushuka chini tu. Miguu mipana. Kidole gumba hakina ukucha. Imesimama upande wa pili wa ufagio, mikavu, na mvua yote ile.

Unajua nilifanya nini? Nilijificha. Naapa, kabla sijawaza kwamba mtu huyu hawezi hata kukaa kitandani, nilishachutama nyuma ya kaunta, kanga kichwani. Ndivyo nilivyozoeshwa. Mlango ulikuwa mmoja, dirisha lina nondo, na yeye kasimama mlangoni. Nikajisemea, labda amepona, ataondoka. Hakuondoka.

Nikaanza kutetemeka, na wimbo ukaruka. Kwenye lile pengo nikasikia jina langu.

Si la ndoa. Jina la usichana, ambalo hata wewe sikutajii. "Toka mwanangu," akasema, kwa upole. "Twende. Nimekuruhusu."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu mzima akikuita unaitika, ndivyo tulivyolelewa, na ulimi wangu ulishakuwa tayari kusema abee. Lakini baba mkwe gani anamwita mkamwana wake kwa jina? Aliye hai hawezi. Nikajua nikiitika nitatoka, na nikitoka sirudi.

Nikakibana kile kidude magotini. Nikitulia, kwaya inamfunika. Nikitetemeka, wimbo unaruka na sauti yake inaingia. "Toka mwanangu." Miguu yangu ikafa ganzi, jasho likaniingia machoni, sikuthubutu kulifuta. Nilimchukia, nikamwonea huruma, nikataka kulia na kulia kwenyewe ni kujitikisa.

Mzee Kassim ndiye aliyenivua hedifoni. "Mama, vipi huko chini?"

Nikamuuliza nani alikuwa mlangoni. Akasema hakukutana na mtu. Sikununua kitu, niliondoka mbio.

Nilipofika Ikuti nikakuta vilio. Mzee amekata roho alasiri. Nilikuwa nimeshalijua hilo njiani. Nisilolijua ni la Tusajigwe. Wanawake aliokuwa analima nao walisema aliinua kichwa ghafla, akatabasamu, akasema "Abee baba," akaweka jembe chini vizuri na kuingia kwenye ukungu. Walimpata jioni amekaa chini ya migomba. Mzima wa mwili. Lakini tangu siku ile hajasema neno, na mpaka leo mimi ndiye ninayemlisha uji. Namwita, hageuki. Anamsikiliza mtu mwingine.

Mimi sivai kitu masikioni tena, na mvua ikinyesha nakaa katikati ya watu. Nawe nakuomba, ukiitwa na mtu ambaye si kawaida yake kukuita, nyamaza. Mimi sikumpenda yule mzee, ndiyo maana niliweza kunyamaza. Kwa hiyo ogopa zaidi ikiwa ni sauti ya mtu unayempenda.